Fonti ya kifahari haivumilii fotokopi

Dodoma inaishi kwa karatasi. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa vitendo mwaka 2016, na hasa baada ya wizara kujijengea Mtumba, steshenari zimeota kila penye foleni: Majengo, Makole, Area C, pembeni ya benki, mkabala na mahakama. Ndani utakuta kijana mmoja, kompyuta, printa, mashine ya kopi na wateja wote wana haraka. Asubuhi anachapa barua za maombi ya kazi. Mchana anamtengenezea mkandarasi mdogo kabrasha la zabuni. Jioni ni kadi za mchango. Na mteja akishasema "weka maandishi ya kishua", kijana haulizi mara mbili. Anashusha orodha ya fonti mpaka kwenye zile zenye vijimkia, ambazo upande mmoja wa herufi ni mnene na upande wa pili ni mwembamba hadi unakaribia kupotea.

Sina ugomvi na fonti hizo. Kwa maoni yangu ni kati ya vitu vizuri kabisa vilivyowahi kuchorwa na binadamu kwa ajili ya matumizi ya kila siku. Ninachogombea ni pale tunapozipeleka. Tunazichagua zikiwa kubwa kwenye skrini, kisha tunazituma zikafanye kazi ndogo kwenye karatasi hafifu, tena kwa lugha ambayo wachoraji wake hawakuwa nayo akilini.

Vijimkia vyenyewe ni vile vipande vidogo vinavyotokeza mwisho wa mistari ya herufi, juu na chini ya I, kwenye miguu ya n na m. Wachapaji huviita serifu. Times New Roman inazo, Arial haina. Lakini ndani ya ukoo wa serifu kuna tofauti kubwa, na fonti ambayo mteja wa kadi anaiita ya kishua ni tawi moja tu la ukoo huo, tawi lililokuja kwa kuchelewa na kwa gharama.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Katikati ya karne ya 18 alikuwepo John Baskerville wa Birmingham, Uingereza, aliyeanza kama mwalimu wa mwandiko na mchonga maandishi ya makaburini, akatajirika kwa biashara ya vyombo vilivyopakwa vanishi, ndipo akaingia kwenye uchapaji. Aliona herufi za wakati wake ni nzito. Akachora zake, zenye tofauti kubwa zaidi kati ya mstari mnene na mwembamba. Hakuishia hapo, na hili ndilo watu wengi hulisahau. Aliurekebisha mtambo wa kuchapia, akapika wino mweusi zaidi, akatafuta karatasi laini isiyo na alama za nyaya za kalibu, na kurasa zilizokwisha kuchapwa akazibana kati ya sahani za shaba zilizopashwa moto. Kitabu chake cha kwanza, mashairi ya Virgil, kilitoka mwaka 1757. Herufi, wino, karatasi na mtambo vilibuniwa kama kazi moja. Ukichukua kimoja ukaacha vitatu, hujachukua kazi ya Baskerville.

Hata hivyo walimsema. Benjamin Franklin wa Marekani, ambaye naye alikuwa mchapaji, alimwandikia mwaka 1760 kumsimulia kisa cha bwana mmoja aliyedai kuwa mistari myembamba ya Baskerville itawapofusha wasomaji wa taifa zima. Franklin akamletea karatasi ya herufi za William Caslon, mpinzani wa Baskerville, akiwa ameshaichana jina juu, akamwambia hizi hapa za Baskerville, nionyeshe kasoro. Bwana yule akaanza kuonyesha kasoro kila mstari. Nakipenda kisa hiki kwa sababu kinatukumbusha kuwa lawama nyingi juu ya fonti ni kelele za mtindo. Ndiyo maana katika makala haya nitajitahidi kulaumu kwa rula na hesabu.

Waliomfuata Baskerville walikwenda mbali kuliko yeye. Paris, miaka ya 1780, Firmin Didot alichonga herufi ambazo serifu zake zimebaki nyuzi tupu, bila kitako cha kuzishika kwenye mwili wa herufi. Parma, Italia, Giambattista Bodoni aliyesimamia kiwanda cha uchapaji cha mtawala wa pale akafanya hivyo hivyo kwa ustadi uliowaacha watu midomo wazi. Kitabu kikubwa cha sampuli zake kilitolewa na mjane wake mwaka 1818, miaka 5 baada ya kifo cha mumewe. Sura hiyo ndiyo tunayoiona leo kwenye majarida ya mitindo, kwenye manukato, kwenye maduka ya vito. Ikija Dodoma, inakuja na harufu ya fedha.

Sasa twende kwenye rula. Chukua fonti ya tawi hilo ambayo mstari wake mwembamba ni sehemu ya 50 ya ukubwa wa herufi. Kwenye bango, kwa herufi za sentimita 10, mstari huo una milimita 2, unaonekana ukiwa ng'ambo ya barabara. Ipeleke fonti ile ile kwenye A4 kwa saizi 10, yaani kama milimita 3.5: mstari umebaki na milimita 0.07. Printa ya nukta 600 kwa inchi inatoa nukta yenye upana wa milimita 0.04 hivi. Kwa hiyo mstari mzima unabebwa na nukta moja au mbili za tona, na tona ya steshenari nyingi si ile iliyokuja na mashine. Hapo ni nakala ya kwanza tu. Mwombaji wa kazi ataitoa kopi, mwanasheria atagonga mhuri juu yake, ofisi itaskani kwa haraka ili faili lisiwe zito, na mtu wa masijala ataichapa tena. Mwishoni mwa safari hiyo, e imepoteza mstari wake wa katikati na inasomeka c.

Kwenye simu mambo ni yale yale kwa njia nyingine. Kadi inatumwa kama picha, WhatsApp inaibana, mtu anaipeleka kundi la pili, la tatu, na kinachotangulia kufa ni mistari myembamba.

Mafundi wa zamani walilijua tatizo hili. Enzi za herufi za madini ya risasi kila saizi ilichongwa peke yake, na fundi alipochonga saizi ndogo aliunenepesha mstari mwembamba na kuipanua herufi kidogo. Kompyuta ilipokuja ikazoesha watu mchoro mmoja unaovutwa na kusinywa upendavyo. Wachache waligoma. Jonathan Hoefler alipochora fonti ya mtindo wa Didot kwa ajili ya jarida la Harper's Bazaar mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliitoa katika matoleo 7 kwa saizi 7 tofauti, kusudi uzi ubaki uzi bila kukatika. Na Playfair Display, fonti ya bure ya Claus Eggers Sørensen wa Denmark iliyotoka mwaka 2011 na ambayo nadhani imeshaozesha nusu ya Dodoma, imebeba onyo ndani ya jina lake: ni ya vichwa vya habari, ya maandishi makubwa. Mchoraji mwenyewe baadaye alitoa Playfair nyingine yenye kujirekebisha kulingana na saizi. Nyingi ya kadi ninazoziona bado zinatumia ile ya kwanza, tena kwa aya nzima ya "familia ya Mzee fulani inayo furaha kukualika".

Hayo yangetosha hata kama tungekuwa tunaandika Kiingereza. Ila hatuandiki Kiingereza.

Andika neno "ununuzi" kwa herufi ndogo za Bodoni. Ni neno linaloandikwa mara nyingi kwenye mji wa zabuni. Kabla hujafika kwenye z umeshapita miguu minene 10 iliyosimama wima, yote kimo kimoja, iliyounganishwa na nyuzi. Nyuzi zikifa kwenye kopi, kinachobaki ni uzio uliong'olewa waya: nguzo, nguzo, nguzo. Huwezi kujua u imeishia wapi na n imeanzia wapi. Maneno yetu yamejaa a, i, u, n, m na w, na mengi yanapita bila hata herufi moja inayopanda juu au kushuka chini: wanaume, anasema, wameoana. Msomaji wa Kiingereza husaidiwa na the na that zinazopanda kila baada ya hatua mbili. Sisi tunategemea zaidi tumbo la herufi, ile sehemu ya kati, na hasa jinsi a ilivyo wazi. Fonti yenye a iliyobana, yenye kitumbo kidogo kilichozibika wino, inaweza kuwa nzuri sana kwa Kifaransa na ikawa mateso kwa Kiswahili.

Kwenye herufi kubwa kuna tabu nyingine. Tazama kichwa cha barua yoyote: JAMHURI YA MUUNGANO WA TANZANIA. Y na A, W na A, T na A ni jozi zinazoacha pengo, kwa sababu moja ni pana juu na nyingine ni pana chini. Mchoraji makini wa fonti huandika ndani ya fonti yake maelekezo ya kuzisogeza jozi hizo zikaribiane. Lakini kwenye Word, kwa miaka mingi, maelekezo hayo yalikuwa hayafuatwi mpaka mtu aingie kwenye mipangilio ya fonti akaruhusu. Wangapi wameingia? Matokeo yake ni Y iliyosimama mbali na A yake kwenye barua zinazotoka kila siku, na kadiri fonti inavyokuwa ya kifahari ndivyo pengo linavyojitangaza, kwa sababu kila kitu kingine kimepangwa kwa unadhifu. YA na WA kwetu ni maneno ya kila mstari. OFISI YA KATA ina mapengo matatu ndani ya maneno mawili ya mwisho.

Halafu kuna ng'. Wachoraji wengi hupima ile alama ya juu kwa kuiweka kabla ya s au t, kwa sababu Kiingereza ndicho kinachoitumia hivyo. Kuiweka kati ya g na o hawakufikiria. Kwenye kibao cha herufi kubwa, CHANG'OMBE hukatika katikati kama anwani mbili, na yule aliyepewa kazi ya kuandika kibao cha kule upande wa Chuo Kikuu, Ng'hong'onha, amepewa mtihani mara mbili ndani ya neno moja. Dizaina mzuri huisogeza O kwa mkono. Asiyejua huondoa ile alama kabisa, akabadilisha jina la mahali ili fonti ipendeze.

Lililo baya kuliko yote liko kwenye tarakimu, na hapa nawaomba wanakamati wa harusi wanisikilize. Fonti nyingi za serifu za kifahari, Playfair Display ikiwemo, huja na tarakimu za mtindo wa zamani: 3, 4, 5, 7 na 9 zinashuka chini ya mstari, 6 na 8 zinapanda, na 0, 1 na 2 zinabaki fupi kama herufi ndogo. Zilibuniwa hivyo kwa sababu nzuri. Mwaka ulioandikwa katikati ya aya usisimame kama mtu anayepiga kelele msikitini. Lakini kadi ya mchango ina kazi moja tu ya maana, nayo ni kumfanya mjomba wa Mpwapwa mwenye miaka 60 aitoe namba ya mhazini kwenye picha na kuiingiza kwenye simu yake bila kukosea. Namba ya tarakimu 10 zinazopanda na kushuka, sifuri zake zinafanana na o, rangi ya dhahabu juu ya maua ya waridi. Akikosea moja, fedha imeenda kwa mtu asiyemjua, na mchango wa pili hautoki. Playfair hiyo hiyo ina tarakimu zilizosimama sawa, zimefichwa kwenye mipangilio. Kama hujui kuzitoa, andika namba kwa fonti nyingine. Hakuna atakayekucheka.

Na majedwali ya bajeti? Tarakimu ziwe na kimo kimoja na upana mmoja, basi. Hilo halina mjadala.

Mpaka hapa mtu atasema nawakataza watu kupendeza. La hasha. Nenda kwenye rafu ya mvinyo wa Dodoma. Zabibu zetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wakulima wa Ulaya hawalipati, na chupa inayotoka hapa inashindana na chupa ya Afrika Kusini kwa kutazamana ana kwa ana. Hapo fonti ya tawi la Bodoni inastahili kila mstari wake. Lebo imechapwa kiwandani kwenye karatasi nzuri, jina lina maneno mawili au matatu, herufi ni kubwa, chupa inashikwa mkononi chini ya taa, na anayeisoma anataka kuambiwa kwamba kilichomo kina adabu. Uzi mwembamba pembeni ya mstari mnene unamwambia hivyo kabla hajaonja. Ningependa tu wenye viwanda wasiendelee na fonti hiyo hiyo nyuma ya chupa, kwenye ujazo na kiwango cha kilevi na jina la zabibu, kwa saizi ambayo hata mimi nikiwa na miwani nashindwa. Mbele Bodoni, nyuma fonti ya kawaida. Lebo nzuri za dunia zinafanya hivyo bila aibu.

Vivyo hivyo jina la hoteli ukutani, jalada la kitabu cha mashairi, cheti cha mahafali kwenye yale maneno mawili ya juu, jina la bibi na bwana harusi. Kitu kikubwa, kifupi, kinachosomwa polepole. Wachapaji wa kanga, kwa taarifa yenu, walilimaliza suala hili zamani: herufi kubwa, nene, zisizo na uzi wowote, kwa kuwa rangi kwenye kitambaa husambaa na ujumbe unasomwa mvaaji akiwa anaenda zake.

Kwa maandishi marefu watu hudhani chaguo lililobaki ni Times New Roman, na wanaichukia kwa sababu inanuka ofisi. Wanaionea kidogo. Gazeti la The Times la London liliiagiza kwa ajili yake lenyewe, Stanley Morison akasimamia, Victor Lardent akachora, na ilianza kutumika tarehe 3 Oktoba 1932. Ni fonti iliyobanwa makusudi ili maneno mengi yaingie kwenye safu nyembamba za gazeti. Gazeti lenyewe liliiacha mwaka 1972. Sisi tuliipokea kupitia Word, ambayo iliiweka mbele ya kila mtu hadi Calibri ilipochukua nafasi mwaka 2007, na vyuo vingi vikaiandika kwenye kanuni za tasnifu: Times New Roman, saizi 12. Ukiitandaza fonti ya safu nyembamba kwenye upana wote wa A4, mstari mmoja unabeba herufi 80 na ushee, wakati wachapaji wengi hupendekeza kati ya 45 na 75. Kwa maneno yetu marefu, kama hawakutuelewesha na yanayoshughulikiwa, jicho linapotea likirudi kuanza mstari unaofuata. Kosa ni la anayeitandaza.

Ningekuwa na steshenari, ningesakinisha mbili. Georgia, ambayo Matthew Carter aliichora kwa ajili ya Microsoft ikatolewa mwaka 1996, mahususi kwa skrini: mistari yake myembamba si myembamba sana, tumbo la a ni pana, inavumilia simu ya bei nafuu. Ina kasoro ile ile ya tarakimu za kucheza, kwa hiyo namba za simu zikae mbali nayo. Ya pili ni Gentium ya Victor Gaultney, iliyotolewa na SIL, shirika linaloshughulikia lugha. Ni ya bure, leseni yake inaruhusu mtu yeyote kuitumia na kuirekebisha. Ina wembamba wa mkono wa kalamu bila zile nyuzi za Didot, inatoka kwenye fotokopi ikiwa bado ni yenyewe, na ilichorwa tangu mwanzo kwa ajili ya lugha nyingi zinazotumia herufi za Kilatini, za Afrika zikiwemo.

Hilo la mwisho lina uzito hapa mkoani kuliko Dar es Salaam. Ukipanda Kondoa, Kirangi kinaandikwa kwa herufi ambazo Kiswahili hakina, ɨ na ʉ. Andika kwa fonti nyingi za kadi uone: kompyuta inashindwa kuipata herufi, inaazima moja kutoka fonti nyingine isiyo na serifu, na katikati ya neno la kifahari anasimama mgeni mwenye unene tofauti. Au dizaina anachoka, anaweka i ya kawaida, na neno linakuwa limekosewa tahajia kwenye kadi ambayo familia itaihifadhi. Kwa Gentium herufi zote zinatoka mkono mmoja.

Vyuo vyetu vinaweza kuanza na kazi ndogo zaidi ya hizi. Kwenye kanuni ya tasnifu, pale palipoandikwa Times New Roman, paongezwe "au Gentium", na pembezo za ukurasa zipanuliwe sentimita moja kila upande.